Dojoni nina nidhamu, nyumbani sina. Inahamaje?

Mchovu88

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya waliokaa kwenye karate, judo, taikwondo au chochote cha aina hiyo kwa muda mrefu, siyo walioangalia video tu.

Nimeanza karate ya mtindo wa Shotokan ukubwani, sasa nina mkanda wa njano. Kilichonipeleka huko si kujilinda. Mimi ni mtu wa kuanza vitu na kuviacha. Gitaa liko uvunguni, viatu vya kukimbia bado vipya, na kozi ya uhasibu ninayosoma kwa mtandao nimeiahirisha mpaka naona aibu kuitaja. Kila mahali nilikuwa nasikia karate inajenga nidhamu, nikasema basi, ngoja nikajengwe.

Na kweli, ndani ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, mimi ni mtu mwingine kabisa. Nafika mapema. Mwalimu akituweka kiba-dachi, mkao wa chini kama wa mpanda farasi, mapaja yanatetemeka, jasho linadondoka kutoka ncha ya pua, lakini sinyanyuki. Tukipiga oi-zuki, ngumi ya kusonga mbele, kwenda na kurudi ukumbi mzima silalamiki. Mwishoni tunapiga magoti kwa mstari, tunasoma dojo kun, yaani kanuni za dojo, kwa sauti, tunainama, natoka pale najiona naweza kuhamisha mlima.

Nikifika nyumbani mlima unabaki palepale. Nafungua kitabu cha uhasibu, nasoma ukurasa mmoja, nachukua simu "dakika mbili", nashtuka ni saa sita usiku. Asubuhi kengele naizima hata sijui nimeizima saa ngapi.

Mwalimu wetu anasema nidhamu ya dojo itahamia maishani yenyewe. Kwangu haijafungasha hata mizigo. Je, niongeze siku za mazoezi? Nibadilishe mtindo? Au haya mambo ya nidhamu ni maneno ya kuvutia wanafunzi tu?

Ngumi Jiwe

Mkuu unajidekeza. Ongeza siku, amka saa kumi alfajiri, oga maji ya baridi, piga push-up mpaka ulale chini. Ukizoea mateso makubwa, kitabu kitakuwa mchezo. Mengine yote visingizio.

Bi. Tatami

Mchovu, mimi ni wa judo, nafundisha watu wazima jioni na watoto mwisho wa wiki, kwa hiyo kiba-dachi yako siijui vizuri. Ila ugonjwa wako naujua, maana kila kundi jipya linaingia nao.

Ngumi Jiwe, nawe usimchoshe mwenzio. Anayeshindwa kufungua kitabu saa mbili usiku hataokolewa na kuamka saa kumi alfajiri. Atakuwa na vitu viwili vya kushindwa badala ya kimoja.

Kwanza tukubaliane jambo. Hiyo nidhamu unayojiona nayo dojoni, sehemu kubwa bado si yako. Ni ya mwalimu, ya mstari, ya saa iliyopangwa. Kuna mtu anatoa amri ya kuanza na huyohuyo anatoa amri ya kumaliza. Kulia kwako kuna mwenzio anatetemeka kama wewe na hanyanyuki, nawe unaona haya kuwa wa kwanza. Simu iko kwenye begi, begi liko chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna anayekuuliza kama leo unajisikia. Ukiviondoa vyote hivyo, kinachobaki ndiyo nyumbani kwako. Sasa unashangaa nini?

Sikudharau. Mafunzo haya yaliundwa hivyo na watu wa shule. Jigoro Kano alipoanzisha Kodokan, shule yake ya judo, kule Tokyo mwaka 1882 alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na judo aliitaka iwe elimu ya mwili na tabia pamoja na mapambano. Anko Itosu aliingiza karate kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, akatunga kata (mifululizo ya hatua iliyopangwa) za Pinan ambazo Gichin Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan yenu, baadaye aliziita Heian, hizo hizo unazofanya wewe. Watu hao walijua mwanafunzi haji na nidhamu mfukoni. Anaazimwa ya dojo kwanza, halafu polepole anapata yake.

Sasa hiyo ya kwake inaanza wapi? Hapa mimi na mwalimu wako tunatofautiana kidogo. Haihami yenyewe. Inaanza palepale dojoni, mwalimu akigeuka.

Nikueleze ninachokiona. Kwenye judo tuna zoezi la uchikomi. Unamshika mwenzako, mkono mmoja kwenye ukosi, mwingine kwenye mkono wa gi yake, ile sare ya mazoezi, unaingia kama unayetaka kumtupa. Unavuta, unazungusha nyonga, unakunja magoti, mgongo wako unamgusa kifuani, halafu humtupi. Unatoka, unaingia tena. Kumi, kisha zamu yake. Kuanzia ya kwanza hadi ya tano kila mtu bingwa. Ya sita, mkono unaovuta unaanza kulala. Ya saba, magoti hayakunjiki, mtu anazungusha mabega tu na nyonga imebaki nyuma. Kwa mbali utasema bado anafanya kazi, na sauti ya kuhesabu ndiyo kwanza inapanda. Nikisimama mbele yake, ya nane inakuwa nzuri ghafla. Nikimpa mgongo nikamrekebisha mwingine, namsikia nyuma yangu: nane-tisa-kumi, mbiombio kama mtu anayekimbia mvua.

Kati ya hiyo ya sita na ya kumi, mwalimu akiwa amegeuka, ndipo nyumbani kwako panapoanzia. Ukiwa mkweli pale ambapo hakuna anayetazama, ndani ya ukumbi ambao kila kitu kingine kinakusaidia, umeanza kuwa na kitu cha kubeba. Usipoweza pale, utawezaje peke yako na simu kitandani?

Kwa hiyo wiki hii usiongeze siku hata moja. Chagua kitu kimoja kidogo kwenye mazoezi yenu. Kwa mfano mkono unaorudi kiunoni unapopiga oi-zuki. Najua karate mna ule mkono, na najua watu wakichoka unaishia mbavuni. Jipe kazi kwamba mkono ule utarudi mahali pake kila mara, hasa mwalimu akiwa upande wa pili wa ukumbi. Usimwambie mtu.

Halafu nyumbani. Wengi wanachukua ukali wa dojo wanaupeleka nyumbani, wanajifokea. Ukali hauna kazi huko. Chukua umbo la somo. Somo lina saa yake, mahali pake, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Weka saa ileile, meza ileile. Simu iende chumba kingine, na iende kabla hujakaa. Simama, inama, fanya Heian Shodan, ile kata ya kwanza, mara moja taratibu, hatua zote 21, haifiki hata dakika mbili. (Kiai, ule ukelele, unaweza kuiacha, usiwashtue watu.) Inama, kaa, fungua kitabu. Weka kengele ya dakika 25. Ikilia, funga, hata kama ndiyo kwanza unanogewa.

Hilo la kufunga usilipuuze. Dojoni unavumilia kiba-dachi kwa sababu unajua mwalimu atasema yame, yaani acheni. Nyumbani unakaa kusoma bila mwisho, "leo nasoma mpaka nielewe", na mwili unaona shimo lisilo na chini unakimbilia simu. Nami ningekimbia.

Baba Wawili

Samahani nadandia uzi wa mwenzangu. Bi. Tatami, mwanangu wa miaka minane yuko taikwondo. Kule anaambiwa nyamaza ananyamaza, anakaa wima kama askari. Nyumbani hata kitanda hatandiki. Nimefikiria kumwomba mwalimu wake amnyime mtihani wa mkanda mpaka atandike kitanda mwezi mzima. Ni sawa?

Mdadisi

Mimi naweka mchanga kwenye pilau. Nimefanya mazoezi na watu wa mkanda mweusi wanaochelewa kila miadi, wanaokopa hawalipi, wengine wanatafuta ugomvi barabarani. Kama karate inajenga nidhamu, hao ilikuwa imelala siku gani? Nadhani watu wenye nidhamu ndio wanaodumu kwenye haya mazoezi, halafu tunasema mazoezi ndiyo yamewajenga.

Na kuna utafiti wa Michael Trulson wa mwaka 1986 nimewahi kuusoma. Alichukua vijana 34 wenye tabia za uhalifu akawagawa makundi matatu kwa miezi sita. Kundi moja lilifundishwa taikwondo ya jadi, yenye kutafakari, heshima na falsafa. La pili lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilifanya michezo ya kawaida. Kundi la jadi ukali ulipungua. Kundi la kupigana tu hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko walivyoanza! Utafiti mdogo, sawa, lakini unatosha kumnyima mtu haki ya kusema "nenda karate utanyooka".

Ngumi Jiwe

Mdadisi, hao wa kundi la pili walikosa maji ya baridi.

Bi. Tatami

Ngumi Jiwe umenichekesha, nakupunguzia adhabu.

Mdadisi, sikupingi kama unavyotarajia. Hoja yako ya kwanza ina ukweli: wasiodumu hatuwaoni, kwa hiyo waliobaki wanatuzidishia sifa. Na utafiti huo unasema jambo ninaloliona kila mwaka, kwamba kinachokua ni kile mwalimu anachodai. Ukidai ushindi peke yake, utapata watu wa kutaka ushindi, na watautaka hata kwenye foleni. Mkanda mweusi unathibitisha kwamba mtu anajua mbinu kadhaa kwa kiwango fulani. Kulipa deni hakumo kwenye mtihani.

Mimi nikitaka kujua mtu amefika wapi kwenye kujitawala simtazami anavyotupa. Namtazama anapotupwa na mtu wa mkanda wa chini. Anaanguka, mkono unapiga tatami, mkeka wa mazoezi, sauti inajaa ukumbi, kila mtu kasikia. Anainuka. Anavuta gi yake ikae sawa. Halafu anarudi kushika, na hapo ndipo macho yangu yanapokuwa, kwenye vidole. Vikishika ukosi kwa nguvu ileile ya mwanzo, nafurahi. Vikishika kwa kukwida, najua raundi inayobaki atamtafuta yule mdogo amlipe, nasimamisha randori, pambano la mazoezi, kabla hajafanya hivyo. Kuna mmoja nilimtoa nje ya tatami akae akiangalia, mtu mzima na heshima zake. Alinuna. Ila baadaye alikuja kuwa mtu ninayempa wanaoanza washike naye, kwa sababu ndiye anayejua kuwatupa bila kuwaumiza.

Vilevile kukaba. Mwenzako akigonga kukubali kushindwa, unaachia papo hapo. Hungoji kidogo ili aelewe somo. Kile kidogo ndicho kinachonionyesha mtu.

Sasa Baba Wawili. Hapana, usimwombe hivyo. Mkanda ni wa kazi ya dojo. Ukiufunga na kitanda, mtoto atajifunza kwamba taikwondo ni tawi la polisi wa nyumbani, na mwalimu utakuwa umemgeuza askari wako. Matokeo yake atachukia vyote viwili. Kwa watoto kuna utafiti wa Lakes na Hoyt wa mwaka 2004, shule ya msingi huko Marekani, waliofundishwa taikwondo kwa miezi mitatu walilinganishwa na wenzao waliokuwa kwenye michezo ya kawaida ya shule. Wa taikwondo walipata maendeleo makubwa zaidi kwenye kujidhibiti, na wavulana zaidi ya wasichana. Katika masomo yale watoto walikuwa wanafundishwa kujiuliza: niko wapi sasa, nafanya nini, na ninapaswa kufanya nini? Watoto wangu nawauliza hivyohivyo, kwa sauti ya chini, nikiwa nimechuchumaa. Mjaribu mwanao asubuhi mlangoni kwa chumba chake. Muulize tu, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kwetu wazazi.

Na umpe umbo pia. Mtoto wa miaka minane hatandiki kitanda "wakati wowote kabla ya shule". Anatandika kabla ya kuvaa viatu, kila siku kabla ya viatu.

Baba Wawili

Kabla ya viatu. Nimelichukua. La kunyamaza sijui.

Mchovu88

Narudi kutoa ripoti. Bi. Tatami, ahsante sana mwalimu, ingawa umenivua nguo hadharani.

Nilifanya lile la mkono. Jioni ya kwanza nilicheka peke yangu. Mwalimu akiwa mbele, mkono uko kiunoni safi. Akihamia upande wa mikanda ya kahawia, mkono umekaa karibu na kifua kama nimeshika kikombe. Sikuwahi kujua! Nilikuwa najiona mtu wa kujituma. Sasa naushughulikia, na kinachonishangaza ni kwamba inachosha akili kuliko mwili. Natoka nimechoka kwa namna nyingine.

Nyumbani nafanya kata, nainama, nakaa. Siku nyingine inakwenda vizuri sana. Siku nyingine hata kusimama kwa ajili ya kata sitaki. Juzi nimeruka kabisa, na jana nikaona basi, nimeshaharibu, nikaruka tena. Hapo ndipo huwa nafia. Niulize pia: mkao wangu wa kiba-dachi umeanza kunipa maumivu ndani ya goti la kulia. Nivumilie kama sehemu ya nidhamu?

Ngumi Jiwe

Goti usivumilie mkuu. Hata mimi hapo nimesimama.

Bi. Tatami

Kuhusu kuruka siku: Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kujenga tabia moja ndogo iliyofungwa kwenye tukio la kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 kitu kuanza kwenda chenyewe, lakini kuna aliyefika kwa siku 18 na kuna ambao makadirio yalifika siku 254. Kuruka mara moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo juzi haikukuua. Ulichokosea ni hesabu ya jana, ulipodhani mnara umeanguka wakati lilikuwa tofali moja. Wewe uko mwanzoni kabisa, na kusoma uhasibu ni kugumu kuliko kunywa glasi ya maji, usijipimie siku 66 kama tarehe ya mahakama.

Siku ambayo hutaki hata kusimama, punguza lakini ingia. Inama, fanya kata, inama, ondoka. Usifungue kitabu. Nakuruhusu. Ninachotaka ni saa ile isipite bila wewe kuingia mlangoni. Mara nyingi ukishamaliza kata utakaa mwenyewe, na usipokaa haidhuru. Dojoni pia zipo jioni unazofika umechoka, unafanya ya wepesi, unarudi, na hakuna anayesema umeacha karate.

Tena usiharakishe kuongeza. Funakoshi alisimulia kwamba akiwa kijana, uani kwa mwalimu wake Azato, alikuwa akirudia kata moja usiku hadi usiku, wiki hadi wiki, wakati mwingine mwezi hadi mwezi, mpaka mwalimu aridhike. Hakuwa anapewa mpya ili asichoke. Dakika 25 zako zibaki 25 mpaka zikuchoshe kwa udogo wake.

Goti, hapana, hilo si nidhamu, ni taarifa. Mwambie mwalimu wako kabla somo halijaanza, siyo katikati. Mwombe atazame kama magoti yanaangukia ndani badala ya kufuata vidole vya miguu, hiyo ni sababu ya kawaida, na mkao wa juu kidogo utatosha kwa sasa. Likiendelea kuuma hata ukitembea, nenda hospitali.

Mchovu88

Sawa mwalimu. Leo nina somo saa kumi na mbili, nitafika mapema nimwonyeshe goti.